Maswali ya Wasomaji: Kusikiliza Antena kwa Karibu

Mwezi huu barua nne zimegusa jambo ambalo nimelifanya kwa miaka kumi na tisa: kupima antena. Swali la kwanza nimelijibu kwa kirefu kuliko kawaida ya ukurasa huu, kwa sababu huyo mwanafunzi ameuliza nililokuwa naliuliza mimi nilipoanza kazi.

*Shikamoo mama. Nasoma uhandisi wa mawasiliano mwaka wa tatu, hapa Mbeya. Mwalimu ametufundisha kwamba antena hupimwa kutoka mbali, umbali usiopungua kipenyo chake kwa mraba, mara mbili, ukigawanya kwa urefu wa wimbi. Halafu nimeona picha ya dishi limefungwa ndani ya chumba, na kijibomba kidogo kinapita mbele yake kwa sentimita chache tu, na maelezo yanasema wanalipima. Nimwamini nani?*
Msomaji, Mbeya

Marahaba mwanangu. Mwamini mwalimu wako, na picha nayo iamini.

Tuanze na kanuni ya mwalimu. Chukua dishi la mita 1.2 linalofanya kazi kwenye gigahezi 12. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 2.5. Ukipiga hesabu unapata mita 115. Si mbaya, uwanja unapatikana. Sasa chukua dishi la mita 30, ukubwa wa yale yaliyojengwa kwa mawasiliano ya setilaiti mahali kama Longonot, Kenya, kwenye gigahezi 4. Hapo unapata kilomita 24. Utamweka nani kilomita 24 na kipima mawimbi, juu ya mnara mrefu kiasi gani, na katikati pasiwe na kilima, mabati wala lori linalopita?

Umbali huo unahitajika kwa sababu wimbi linatoka likiwa limepinda, kama duara la maji ulipotupa jiwe, na huwa karibu kunyooka likishaenda mbali. Kwa umbali wa kanuni, tofauti ya njia kati ya katikati ya dishi na ukingo wake imebaki sehemu moja ya kumi na sita ya urefu wa wimbi. Wahandisi walikubaliana kwamba hicho ni kiasi cha kuvumilika. Kanuni ni makubaliano, basi, na kwa antena yenye matawi ya pembeni (nguvu inayovujia nje ya mwale mkuu) madogo sana, hata umbali huo hautoshi.

Kwetu Tanga, nilikozaliwa, ngoma ya harusi husikika mtaa wa pili. Fikiri wapigaji ishirini wamejipanga mstari mmoja. Aliye mbali husikia mdundo mmoja tu, mkubwa au hafifu kulingana na upande aliosimama. Wewe badala ya kwenda mbali unapita mbele ya wapigaji, mmoja baada ya mwingine, pua kwa pua, unaandika mambo mawili: huyu anapiga kwa nguvu gani, na mkono wake unashuka wakati gani hasa. Ukishakuwa na orodha hiyo kamili unaweza kukaa chini na kalamu ukakokotoa anachosikia mtu wa mtaa wa pili, na wa mtaa wa tatu, na wa upande wowote, bila kunyanyua mguu. Ukiandika nguvu peke yake ukasahau wakati, orodha yako haina kazi, maana wapigaji wawili wenye nguvu sawa wanaweza kuongezana au kufutana, na kinachoamua ni wakati.

Huo wakati ndio tunaouita fezi. Si fezi ya fundi umeme wa nyumbani. Ni hatua ambayo wimbi limefikia katika mpigo wake, na tunaihesabu kwa nyuzi kuanzia 0 hadi 360. Kama utasahau kila kitu kwenye jibu hili, usisahau hilo: kupima katika uga wa karibu, yaani hapo pua kwa pua na antena, ni kupima fezi. Nguvu kila mtu anaipima.

Kwa dishi lile la mita 1.2, skana yetu hupitisha probu kwenye uso wa mita 2 kwa mita 2. Probu ni kipande cha bomba la mawimbi la pembe nne, mdomo wazi. Inachukua kipimo kila nusu ya urefu wa wimbi, yaani kila sentimita 1.25. Ukizidisha nusu hiyo unapoteza habari ambayo hesabu haiwezi kuirudisha. Nukta 161 kwa mstari, mistari 161, jumla 25,921. Probu ikienda sentimita 10 kwa sekunde, pamoja na kugeuka mwisho wa kila mstari, unatumia zaidi ya saa moja. Kisha unaigeuza probu nyuzi 90 na kurudia yote, kwa sababu wimbi lina sehemu iliyosimama na sehemu iliyolala, na zote mbili zinatakiwa. Baada ya hapo hesabu ya Fourier inazigeuza nukta zile kuwa umbo la mwale wa mbali kwa muda mfupi kuliko wa kumimina chai.

Na kwa nini sentimita chache, wala si kugusa kabisa? Karibu mno na antena kuna mawimbi yasiyosafiri, yanakufa hapohapo yalipozaliwa, na hayana msaada kwa anayetaka kujua ya mbali. Tena dishi na probu huanza kurushiana mwangwi. Sisi hukaa umbali wa urefu wa mawimbi matatu hadi matano. Kwenye gigahezi 12 hiyo ni kati ya sentimita 7.5 na 12.5.

Kuna jambo moja lililowasumbua waanzilishi, na nataka ulijue kwa sababu vitabu vingi hulipita haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Barrett na Barnes, katika kituo cha utafiti cha Jeshi la Anga la Marekani kule Cambridge, Massachusetts, walitengeneza mtambo uliochora nguvu na fezi mbele ya antena. Michoro ilikuwa mizuri. Lakini probu yenyewe ni antena. Ina upande inaosikia vizuri na upande inaosikia vibaya, na namba inayokupa ni mchanganyiko wa antena yako na masikio yake. Aliyelitatua hilo kwa hesabu kamili ni David Kerns, wa taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, katika maabara za Boulder, Colorado, kwenye miaka ya 1960. Alionyesha jinsi ya kuondoa tabia ya probu ndani ya jibu, mradi probu hiyo nayo umeipima. Mwaka 1965 Cooley na Tukey wakachapisha njia ya haraka ya kukokotoa hesabu ya Fourier, na kazi ambayo ingeiweka kompyuta siku nzima ikawa ya dakika. Nikitazama nyuma naona bila mambo hayo mawili skana zetu zingebaki vitu vya maonyesho.

Uso bapa una kikomo chake: unaona mbele tu. Kwa ukubwa niliotaja, probu ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye dishi, jibu linaaminika hadi kama nyuzi 76 kila upande. Ukiirudisha probu hadi sentimita 40, zimebaki 45. Antena inayorusha pande zote, kama ya simu, unaizungushia tufe zima. Hesabu ya tufe ilikuzwa sana Denmark, kwenye chuo kikuu cha ufundi kilichopo Lyngby, ambako Frank Jensen aliandika tasnifu yake mwaka 1970, na hadi leo maabara yao hupima antena za setilaiti kwa ajili ya shirika la anga la Ulaya.

Mimi naipenda njia hii kwa sababu nyingine kabisa. Uwanja wa mbali unakwambia antena ni mgonjwa. Uga wa karibu unakwambia kidonda kiko wapi, kwa sababu hesabu ileile inarudi nyuma pia: kutoka kwenye nukta zako unakokotoa picha ya uso wa antena yenyewe. Niliwahi kuletewa antena bapa yenye vipande 256, kumi na sita kwa kumi na sita, ambayo geini yake, yaani uwezo wake wa kukusanya nguvu upande mmoja, ilikuwa pungufu kidogo na hakuna aliyejua sababu. Tulipoirudisha picha kwenye uso, palikuwa na matundu mawili meusi yamekaa jirani. Fundi akafungua mahali pale tu, akakuta lehemu moja imepasuka, nayo ndiyo iliyolisha vipande vyote viwili. Nilisimama mbele ya kioo cha kompyuta nikashukuru. Uwanjani tungeendelea kubahatisha.

*Assalaam alaykum dada. Nipo Muscat, nafunga vituo vya setilaiti. Muuzaji amenipa karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwamba antena ilipimwa katika uga wa karibu, na matawi ya pembeni yako chini desibeli 40. Mstari ni mzuri kuutazama. Nitajuaje kama ni kweli?*
Msomaji, Muscat

Wa alaykum salaam kaka. Mwombe ukurasa unaofuata, ule wa makosa. Kama haupo, uliyo nayo ni picha.

Nakwambia hivyo kwa yaliyonipata. Miaka ya mwanzo nilifanya kazi katika maabara moja huku Ulaya. Ilikuwa Januari, na tulizoea kupima usiku ili watu wasipitepite. Asubuhi nikakuta mwale umeegemea kidogo upande mmoja, tawi la juu limepanda na la chini limeshuka, wakati antena ile ilibuniwa iwe na pande mbili zinazofanana. Tukakubaliana kwamba kasoro ni ya antena. Karatasi ikaenda kwa mteja, sahihi yangu chini yake.

Siku mbili nikawa silali vizuri. Siku ya tatu nikairudisha probu kwenye nukta ya katikati, nikasoma fezi, nikaanza kupima kama usiku ule, na alfajiri nikaisoma tena nukta ileile. Tofauti nyuzi tisa. Antena haikuguswa, probu iko palepale. Kilichobadilika ni hali ya hewa ya chumba. Mtambo wa joto la jengo ulipangwa kupunguza usiku, na chumba kilishuka kutoka nyuzi 22 hadi 18.

Kebo nyingi nzuri za mawimbi zina Teflon ndani, na Teflon ina tabia ambayo fundi wa antena hana budi kuijua. Kwenye nyuzi joto 19 hivi mpangilio wake wa ndani hubadilika, na fezi ya kebo huruka kuliko kawaida. Hesabu yake si ngumu. Kebo ya mita 10 kwenye gigahezi 12 inabeba ndani yake mawimbi kama 570. Ikibadilika sehemu moja tu ya elfu kumi, fezi imekwenda nyuzi ishirini. Sisi tuliipitisha kebo juu ya kizingiti hicho katikati ya kipimo, kisha tukailaumu antena ya mtu.

Nilimpigia mteja mwenyewe. Ni simu nzito kuliko zote nilizowahi kupiga kazini. Alinisikiliza hadi mwisho, akaileta antena tena, na pande zote mbili zikatoka sawa. Tangu siku hiyo sianzi kupima chumba kikiwa chini ya nyuzi 21, na kila nikimaliza mistari yote ya kulala napitisha probu mara moja wima, haraka, kwa nusu dakika, ikikata mistari yote. Mstari huo mmoja unaifunga mistari mingine pamoja, na ukionyesha fezi imetembea, unaijua imetembea kiasi gani na unaisahihisha.

Kwa hiyo muulize muuzaji wako: je, walifunga mistari hivyo? Je, walirudia kipimo probu ikiwa imesogezwa robo ya wimbi nyuma, ili mwangwi kati yake na antena uonekane? Je, waliigeuza antena nyuzi 180 na kupima tena, ili kilicho cha chumba kitengane na kilicho cha antena? Je, walijua probu yao iko mahali gani kwa usahihi wa kiasi gani? Kwenye gigahezi 12, kuisogeza probu milimita moja mbele au nyuma ni nyuzi 14 za fezi. Mwaka 1988 Allen Newell, naye wa Boulder, alichapisha orodha ya vyanzo 18 vya makosa katika kipimo cha uso bapa, na jinsi ya kukipima kila kimoja. Maabara inayojiheshimu inaijaza orodha ile. Taasisi ya wahandisi ya IEEE nayo ilitoa mwongozo wake wa vipimo hivi mwaka 2012, na muuzaji anayesema hajawahi kuusikia amekujibu.

Hiyo desibeli 40 si ndogo, kaka: maana yake tawi lina sehemu moja tu ya elfu kumi ya nguvu ya mwale mkuu. Mwangwi ulio desibeli 60 chini ya mwale mkuu, kitu hafifu mno, ukikutana na tawi lililo chini 40 unalisogeza karibu desibeli moja juu au chini. Kwa hiyo anayekuandikia 40.3 bila kuandika juu au chini ya ngapi, ile tatu usiinunue.

*Mama, kuna mnara wa simu kama mita 40 kutoka nyumbani kwangu. Mtoto wangu kasoma kwamba tupo "uga wa karibu" wa antena. Je, tuhame?*
Mama wa watoto watatu, Dodoma

Dada yangu, pole kwa wasiwasi. Neno hilo limekutisha bure. "Karibu" hapa linaeleza umbo la wimbi, halielezi hatari. Antena ya mnara yenye urefu wa mita 2 kwenye megahezi 900 ina mpaka wa mita 24, na kwenye megahezi 1800 mpaka unakwenda mita 48. Nyumba ileile, mnara uleule, na kwa wimbi moja mko mbali, kwa lingine mko karibu. Unaona kwamba mpaka huo hauwezi kuwa kipimo cha usalama.

Usalama hupimwa kwa nguvu inayofika mahali mnapokaa, ikilinganishwa na kikomo. Kikomo cha kimataifa kwa wananchi kwenye megahezi 900 ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba. Na hilo mna haki ya kujua kwa namba, si kwa kuambiwa "hakuna shida". Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania husimamia pia mionzi isiyoayonisha, ambayo ndiyo ya minara. Waandikieni, ombeni kipimo sebuleni na chumba cha watoto, na ombeni matokeo kwa maandishi.

*Habari za kazi mama. Mimi na mwenzangu tumetengeneza dishi la sentimita 60 la kuunganisha intaneti kwenye gigahezi 5.8. NanoVNA, kile kipima antena kidogo cha mkononi, inaonyesha iko safi kabisa. Tunataka kupima uga wa karibu lakini hatuna skana. Tufanyeje?*
Msomaji, Mwanza

Nzuri mwanangu, na hongereni. Kwanza, NanoVNA inawaambia kwamba antena inameza nguvu. Haiwaambii inaitema wapi. Kipingamizi cha omu 50 kitawapa usomaji mzuri kuliko antena yoyote duniani, na hakirushi chochote.

Pili, skana hamuihitaji. Fanyeni ile hesabu ya mwalimu wa Mbeya: wimbi lenu ni sentimita 5.2, kipenyo 60, jibu ni mita 14. Uwanja wa mpira wa shule unawatosha. Nunueni au azimeni antena ndogo ambayo geini yake inajulikana, pembe ya chuma kwa mfano. Wekeni upande wa kutuma antena yenye mwale mwembamba, upande wa pili dishi lenu, mita 20 kati yake, zote mbili juu ya nguzo za mita 3 ili mwangwi wa ardhi uje kwa pembe ambayo mwale hauifikii. Mwale wenu una upana wa nyuzi 6 hivi, mwangwi utakuja kwa nyuzi 17. Someni nguvu, toeni dishi, wekeni ile pembe mahali palepale, someni tena. Tofauti, ukiijumlisha na geini ya pembe, ndiyo geini ya dishi. Kisha lizungusheni dishi nusu nyuzi kwa nusu nyuzi, mkiandika, na mtaona matawi yake. Msitegemee namba ya ishara inayoonyeshwa na redio ya intaneti, inaruka desibeli nzima nzima. Tumieni hiyo NanoVNA, mradi toleo lenu linafika gigahezi 5.8.

Kabla hamjaenda uwanjani andikeni kwenye daftari namba hii: dishi la sentimita 60 lisilo na upotevu wowote, kwenye gigahezi 5.8, lina geini ya desibeli 31. La kutengeneza kwa mikono, likiwa zuri, litatoa 28 hivi. Mkipata 24, angalieni kama kilisho, ile antena ndogo iliyo mbele ya dishi, kipo kwenye kitovu, pale mawimbi yanapokutana; kisogezeni milimita tano tano mbele na nyuma. Mkipata 35, kuna kitu mmekosea, msifurahi bado. Pimeni asubuhi, mrudie jioni, kisha nitumieni namba zote mbili pamoja na picha ya nguzo.